Magunia Sita ya Uzi Mweupe

3 Novemba

Ibtissem anasema mtu anayejifunza kitu kigeni aandike kila siku alichoelewa na asichoelewa. Basi naandika nyuma ya daftari la mizani la mwaka juzi, ambalo lina kurasa nyingi tupu kwa sababu mwaka juzi hatukuvuna cha maana.

Kilichotokea ni hiki. Mnunuzi wetu wa Hamburg ametuma ujumbe kwamba kuanzia msimu huu kila chupa ya mafuta iwe na alama. Mteja akiielekezea simu, aone zeituni zilitoka shamba gani, zilipimwa siku gani, na aliyezipima ni nani. Habari hizo anataka ziandikwe kwenye blokcheni. Mwenyekiti wa ushirika wa kinu chetu cha mafuta, Si (yaani Bwana) Lazhar, alilisoma neno hilo mara mbili mbele ya wanachama.

"Nani hapa analijua hili dude?" akauliza.

Watu wakatazama viatu vyao.

"Basi tutaleta kampuni kutoka Tunis. Watakuja na mashine yao na mtu wao wa kukaa kwenye mizani."

Kwenye mizani nakaa mimi, huu mwaka wa ishirini na moja. Nikasema nitajifunza. Si Lazhar akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia anaujua vizuri, tulikaa dawati moja. Nimepewa hadi tarehe kumi na nne Januari, siku ambayo mwakilishi wa mnunuzi atakuja kukagua. Nikishindwa, kiti kinachukuliwa na mtu wa kampuni.

4 Novemba

Njia za kujifunza ziko tatu. Kuna kozi ya Tunis, Jumamosi nne, unatoka na cheti chenye muhuri. Kuna video za kwenye simu, ambazo ni bure. Na kuna Ibtissem mwenyewe, binti wa dada yangu, ambaye alisomea kompyuta chuo kikuu na sasa anatengeneza simu kwenye duka lake dogo pale Teboursouk. Huyo hana cheti cha kumpa mtu, na ulimi wake ni wembe. Nimeanza na video.

8 Novemba

Nimetazama video kumi na moja. Kumi kati ya hizo ni za vijana waliosimama karibu na magari ambayo sidhani kama ni yao. Nimeshaelezwa mara kumi namna ya kuwa tajiri. Kuhusu namna ya kuandika gunia la zeituni, bado.

10 Novemba

Mnunuzi ametutumia programu ya kuweka kwenye simu. Kila shamba linatakiwa liwe na nambari na idadi ya miti. Nimetembea siku nzima. Nilianzia kwenye chemchemi nikapanda na njia hadi kwenye kaburi la walii, nikiyahesabu mashamba kwa mpangilio huohuo. Yametimia ishirini na nne. La Mabrouk ni la saba, la marehemu mama (yaani langu) ni la kumi na tisa, la Lalla Wassila (Lalla ni kama Bibi) ni la ishirini na mbili.

Lalla Wassila alikuwa amekaa kizingitini kwake akinitazama tangu nilipokuwa chini.

"Umehesabu mingapi kwangu?"

"Kumi na minne, Lalla."

"Kumi na minne, lakini inazaa kama arobaini! Waambie hao Wajerumani. Na mwambie Mabrouk miti yake ni mikia ya punda. Hajui kupogoa, na baba yake alikuwa hajui."

Tangu mumewe afe, miaka minane sasa, kila msimu tunasikiliza sifa za miti yake kumi na minne. Nilisema nina haraka nikaondoka.

15 Novemba

Kozi, Jumamosi ya kwanza. Basi la saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa watu thelathini kwenye chumba cha hoteli, na mwalimu alivaa suti iliyombana. Alitumia maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza hata pale ambapo Kiarabu kingetosha. Chakula cha mchana kilikuwa kizuri, nakiri.

Alisema rekodi iliyoingia kwenye blokcheni haibadiliki kamwe. Nikanyoosha mkono.

"Na karani wa mizani akiandika uzito usio wa kweli?"

"Haiwezekani kufuta, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Sikuuliza kuhusu kufuta. Nimeuliza kuhusu kuandika."

Akasema swali hilo liko nje ya mada, akatuuliza nani kati yetu anafikiria kuanzisha sarafu yake. Watu wengi walinyoosha mikono. Jumamosi ijayo siendi.

16 Novemba

Nimezikadiria zangu zikiwa bado mtini. Magunia tisa. Yatakayopimwa kwa jina langu ni manane. Ukame.

20 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Ibtissem. Alikuwa na simu imefunguliwa tumbo mbele yake, hakuinua kichwa.

"Karibu mama mdogo. Video zimekushinda?"

"Zimenishinda."

"Na mwenye suti?"

"Huyo nimemshinda mimi."

Akacheka, akaweka bisibisi chini. Akaniambia nisimwulize blokcheni ni nini, nimweleze kwanza kazi yangu, tangu gunia linaposhuka hadi linapomiminwa. Nikamweleza utaratibu wa foleni yetu, ambao hata yeye aliyekulia hapa hakuwahi kuutilia maanani. Mtu hapandishi magunia yake kwenye mizani kabla hajataja kwa sauti jina na uzito wa aliyemtangulia. Aliyemtangulia anaitikia "sahihi." Kisha wake unapimwa, na anayemfuata atautaja. Ulianza zamani, wakati karani alikuwa hajui kuandika, na mpaka leo foleni nzima inasikia, kwa hiyo huwezi kuja jioni ukasema zako zilikuwa mia tano.

"Basi umeshajua nusu," Ibtissem akasema. "Kila kisanduku cha habari kinabeba muhuri wa kisanduku kilichotangulia. Ukigusa cha nyuma, muhuri wa mbele unakataa. Na nakala haziko kwako tu. Ziko Hamburg, ziko kwa wanaojaza chupa, ziko kwa kila mwanachama anayetaka kuzifungua. Hao ndio foleni yako."

Miezi ningepoteza kwa yule mwenye suti. Nimeamua njia yangu ni hii: Jumanne na Ijumaa dukani kwake, siku nyingine mizani. Anasema hatanifundisha kitu chochote kabla sijakosea.

25 Novemba

Nimekosea mara nne. Ibtissem ameridhika.

1 Desemba

Tumeanza kuandika kweli. Mtu anataja uzito wa aliyemtangulia, naandika daftarini, naandika kwenye simu. Si Lazhar anasimama nyuma yangu akipumua.

4 Desemba

Mvua. Hakuna kuchuma.

5 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua, na nyavu za Mabrouk za kudakia zeituni chini ya miti zimechukuliwa na maji. Alitukana tangu asubuhi hadi adhuhuri.

12 Desemba

Siku ya Lalla Wassila. Naandika ilivyokuwa, maana sijawahi kuiandika popote.

Kinu hakikamui zeituni za mtu peke yake zikiwa chini ya kilo mia tatu. Zikipungua zinachanganywa na za wengine, na unapewa fungu lako katika mafuta ya wote. Mumewe, marehemu Khemais, aliipanda ile miti kwa mikono yake, na Lalla Wassila hataki mafuta yake yachanganywe na ya mtu. Mwaka ule alipofiwa alikuja na magunia matatu. Aliyaacha uani akaingia ndani kula mkate na mafuta mapya kama kawaida ya kila anayesubiri zamu. Alipotoka yalikuwa kumi. Hakuna aliyesema neno. Imekuwa hivyo kila mwaka. Dirisha langu linatazama uani, kwa hiyo ninajua nani huweka. Wao wanajua kwamba ninajua.

Leo alishusha manne. Alipotoka ndani akijifuta mafuta kidevuni, yalikuwa kumi. Yalipima kilo mia tatu na kumi na nane. Aliyemfuata akataja kwa sauti, "Wassila wa Khemais, mia tatu kumi na nane," na Lalla Wassila akaitikia, "Sahihi! Na bado mwaka huu imezaa kidogo." Foleni ikacheka. Mkono wangu ukaandika kama ulivyozoea, kwanza daftarini, kisha kwenye simu.

19 Desemba

Amepiga simu Sirine, mwakilishi wa mnunuzi. Ni binti wa watu wa Béja aliyezaliwa Hamburg, anazungumza taratibu kama anayevuka mto kwa mawe.

"Bibi Dalenda, nataka kuuliza kuhusu shamba nambari ishirini na mbili. Wote mna kilo tisa, kumi, kumi na moja kwa mti. Yeye ana karibu ishirini na tatu. Na hamna maji ya kumwagilia. Ni mbegu gani hiyo?"

Nikasema haloo, haloo.

"Nitakuja na mpiga picha," akasema. "Wakubwa wangu wanataka miche. Na wanataka sura ya huyo mama kwenye chupa."

Nilimwambia mtandao ni mbaya nikakata. Nimeogopa. Niseme tu hivyo, nimeogopa kama siku nilipovunja mizani ya zamani.

20 Desemba

Nimekimbilia kwa Ibtissem. Nikamwambia afute mstari mmoja tu.

"Mama mdogo, mwezi mzima nimekufundisha nini?"

"Kwamba haufutiki."

"Basi?"

"Nilidhani kuna njia ya mafundi."

Alicheka hadi mteja akageuka. Kisha akaona uso wangu, akafunga duka, tukakaa ndani. Nikamweleza.

"Foleni nzima ilisema uongo kwa sauti," akasema, "na ukauandika vizuri kabisa. Mihuri yote iko sawa. Huu ndio uongo safi kuliko wote niliowahi kuuona."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Mnyororo unatunza kilichosemwa. Hauendi shambani kuhesabu. Unachoweza ni kuongeza mstari mpya mbele, useme ule wa nyuma ulikosea, ueleze zilitoka wapi. Yote miwili itabaki, na yeyote ataisoma."

Yeyote ni pamoja na mjukuu wa Lalla Wassila, ambaye ana simu kubwa kuliko ya Si Lazhar. Yule mama ataambiwa na simu kwamba miaka minane amekuwa akijisifu kwa zeituni za watu. Na nisipoongeza mstari, Sirine atakuja na mpiga picha aikute miti mizee kumi na minne, nusu yake kuni, kisha aulize aliyepima ni nani. Jina liko pale. Ni langu.

22 Desemba

Nimemwambia Si Lazhar. Alikuwa na Mabrouk wakinywa chai.

"Usiguse chochote," Si Lazhar akasema. "Akija huyo binti tunampeleka kwa Mabrouk. Miti yake iko barabarani, inapendeza."

"Nani, mimi?" Mabrouk akaruka. "Nisimame shambani kwangu niambiwe ni la Wassila? Ataniringia mpaka nife!"

"Kwa nusu saa tu, Mabrouk."

"Hata kwa dakika. Mikia ya punda, ndivyo anavyoiita!"

Nimemfahamu Si Lazhar tangu utotoni kama mtu mwoga. Leo nimemwona akikubali kudanganya Hamburg nzima ili mjane mmoja asifadhaike. Sijui nimweke wapi sasa.

23 Desemba

Hakuna la kuandika. Nimepima kilo elfu mbili na mia moja.

27 Desemba

Nimepanda kwa Lalla Wassila. Nilijiambia nakwenda kuhesabu miti upya, na kweli niliihesabu. Alinifuata mti hadi mti akieleza ukuu wa kila mmoja. Tulipofika wa mwisho, ambao una tawi moja tu lililo hai, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote, mizani, simu, Hamburg, miche. Nilitazama chini nilipokuwa nasema.

Aliniacha nimalize. Kisha akaenda bandani akarudi na gunia tupu, akalishika karibu na uso wangu.

"Hili limeshonwa kwa uzi gani?"

"Mwekundu."

"Nashona mwenyewe. Mwaka huu nimeshona manne kwa uzi mwekundu. Nilipotoka kula mkate nikakuta manne mekundu na sita meupe. Wewe unadhani mimi kipofu, Dalenda?"

Nikaugusa uzi kwa kidole.

"Mwaka wa kwanza nilitaka kuyarudisha. Nikaona kila mtu anatazama juu kama anatafuta ndege. Nikasema, nikinyamaza wataona haya, wataacha. Nikilia, ndiyo kabisa. Nikajisifu. Wakacheka. Mwaka uliofuata wakaleta tena." Alikunja gunia vizuri, pembe kwa pembe. "Unafikiri ni rahisi kujisifia miti kama hii miaka minane? Itazame!"

Niliitazama. Miaka minane nilikuwa nikimwona mama mwenye majivuno, na nilipenda kumaliza kumpimia upesi ili aondoke. Nimeona aibu.

"Basi nisiandike?" nikauliza.

"Andika! Andika magunia sita na yalikotoka. Mimi sijawahi kujua ni nani. Kila mwaka naomba dua kwa watu nisiowajua, Mungu anisaidie kuwapanga."

"Majina siwezi, Lalla. Hawakutaka."

"Basi andika unachoweza."

30 Desemba

Magunia sita yalitoka kwa watu watano. Nimezungumza na wanne. Wote wamekana.

"Gunia gani?" Mabrouk akasema. "Mimi nimpe yule mama gunia? Labda lilianguka."

"Lilianguka juu ya magunia yake?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Mabrouk, naandika nambari za mashamba tu. Jina hapana."

Akafikiri, akakuna shingo. "Nambari si jina," akasema. "Lakini ukilitaja jina langu, nahama kijiji."

Wengine watatu walisema karibu vivyo hivyo, bila upepo.

2 Januari

Nimeuandika mstari mwenyewe, Ibtissem amesimama pembeni mikono nyuma. Kwamba rekodi ya tarehe 12 Desemba, shamba la ishirini na mbili, ilikosea. Zake ni kilo mia moja ishirini na saba. Kilo mia moja tisini na moja ni zawadi kutoka mashamba nambari 3, 7, 8, 12 na 19, la nane likitoa magunia mawili. Aliyekosea ni karani. Sababu: karani alijua.

"Hiyo sababu ya mwisho haihitajiki," Ibtissem akasema.

"Iache."

Nikabonyeza.

3 Januari

Mvua. Hamburg haijapiga.

9 Januari

Hamburg haijapiga. Si Lazhar ameniuliza kama naweza kufuma, maana mkewe anatafuta mtu wa kumfumia sweta. Nadhani alikuwa ananifariji.

14 Januari

Sirine amekuja bila mpiga picha. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua rekodi, akasoma mstari wangu mara mbili huku kidole kikipita chini ya maneno. Si Lazhar alikuwa mlangoni, rangi imemtoka.

"Kwa hiyo hakuna mbegu," akasema.

"Hakuna."

"Wakubwa wangu walikuwa wameshachagua rangi ya chupa." Akafunga rekodi. "Napitia vinu saba. Hii ndiyo mara ya kwanza naona mtu amejisahihisha kabla ya kuulizwa."

Sikumkumbusha kwamba nilikuwa nimeulizwa, mwezi uliopita, kuhusu mbegu. Tulimpa mkate na mafuta, akala vipande vinne. Mkataba unaendelea, na karani wa mizani ni yuleyule. Alitaka kujua nilisoma kozi ipi, ili awaambie vinu vingine. Nikampa anwani ya duka la simu la Teboursouk. Nikaongeza kwamba kabla ya kozi yoyote karani aende kwanza kuihesabu miti kwa miguu, maana mimi niliihesabu lakini sikuitazama.

17 Januari

Kinu kimefungwa. Nilimpelekea Lalla Wassila mafuta yake, chupa zimefungwa na alama. Akaniketisha, akataka nimsomee mstari.

Nikamsomea. Hajui kusoma, ila aliniona nikitembea ile siku ya Novemba, nikianzia kwenye chemchemi. Akakunja vidole, midomo ikitembea kama anayepanda njia.

"Tatu. Huyo ni mjane wa Salah! Yeye mwenyewe hana kitu."

Akahesabu tena. "Saba." Akasimama. "Saba ni Mabrouk?"

"Mimi sijataja jina."

"Mabrouk! Mikia ya punda!" Alicheka hadi akashika ukuta, kisha machozi yakamtoka na hakuyafuta. La nane alilijua upesi, na la kumi na mbili. Kila moja aliliombea dua kwa jina, bila haraka. "Umesema na lipi tena?"

"Kumi na tisa."

Alianza upya kutoka kwenye chemchemi. Vidole viliisha mkononi, akaazima vyangu. Alipofika, hakuniachia mkono.

"Kumi na tisa ni kwa mama yako."

"Ndiyo."

"Mama yako ana miaka sita kaburini."

"Ndiyo, Lalla."

Nilidhani ataniombea na mimi dua, nikajiandaa kuinamisha kichwa.

"Ile miti hujaipogoa," akasema. "Nilikuwa nikiona kila nikipita, nikajizuia. Kesho nakuja na msumeno."

18 Januari

Amekuja saa mbili asubuhi. Mti wa kwanza ameuacha nusu kipara, na anasema bado.